Mbuzi Kumi Niliotaka Kuwafukuza kwa Kalkulasi

Afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa mtu mwingine, maana hapa mtaani Chechelesi habari haikai ndani. Ni mimi, Mama Ekai, fundi wa nguo, mama wa watoto wanne, niliyesimama mbele ya watu karibu sitini na chaki mkononi, nikathibitisha kwa kalkulasi jambo ambalo halikuwa kweli, na watu hao wakanipigia makofi. Makofi ndiyo yananiuma zaidi. Wangenizomea tangu mwanzo ningekaa chini mapema na haya mengine yasingetokea.

Niliacha shule kidato cha pili, na sababu haina haja hapa. Mwaka juzi, kitinda mimba wangu alipomaliza shule, nikabaki na cherehani na kimya cha nyumba, nikajiandikisha kwenye darasa la watu wazima linalofundishwa na Mwalimu Abdi kila Jumamosi mchana katika shule ya msingi ya hapa karibu (tuko saba, na madawati ni ya watoto, kwa hiyo magoti yetu yote yako juu kama ya panzi). Nilienda kwa ajili ya cheti. Sikujua kwamba nitapenda hesabu. Aljebra ilinishika kwanza, kwa sababu x ni kama mgeni ambaye bado hajafika lakini unajua atakuja, unampangia mahali pa kukaa, unaondoa kila kitu kinachomzunguka, na mwisho yuko hapo mlangoni, ni saba, ni kumi na mbili. Nilikuwa nikishona sare za shule huku nikitafuta x kichwani, na mara mbili nimeshona mkono wa kushoto kulia.

Halafu tukafika kalkulasi. Mwalimu Abdi, ambaye ni mtu mpole na hutembea darasani mikono ikiwa nyuma, alituandikia swali la mkulima ambaye ana waya wa mita mia moja na ukuta, anataka kujenga boma la mstatili, ukuta uwe upande mmoja na waya ufanye pande tatu zilizobaki, na swali ni je, apime vipi ili nafasi ya ndani iwe kubwa kuliko zote. Mimi nilidhani waya ni waya, ukiukunja hivi au vile nafasi ni ile ile. Mwalimu akasema jaribuni wenyewe. Tukajaribu, na kumbe nafasi inapanda, inapanda, inafika mahali inasimama, kisha inaanza kushuka, na kalkulasi kazi yake ni kukuonyesha pale juu kabisa inaposimama, bila wewe kujaribu namba moja moja. Jamani, nilikaa na swali hilo wiki nzima. Nilijiuliza imekuwaje kitu kama hiki kipo duniani na mimi nimefika miaka arobaini na tatu sijaambiwa.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Nilimwondoa mkulima wa kitabuni nikaweka sisi.

Sisi ni kikundi cha akina mama kumi na wanne, na tulikuwa tumeahidiwa mbuzi hamsini wa maziwa kupitia mradi fulani. Masharti yalikuwa mawili tu. La kwanza, boma liwe la waya, si la miiba, kwa sababu ya fisi na kwa sababu hawataki tukate miti. La pili, kila mbuzi awe na mita nne za mraba za kujitanua. Wakatupa roli mbili za waya wa wavu, mita kumi na nane kila moja, na tukapewa ruhusa ya kutumia ukuta wa nyuma wa stoo ya zamani ya ngozi, ukuta mrefu wa mita ishirini na tano. Mbuzi watakaokosa nafasi wangepelekwa kwa kikundi kingine kule Rapsu, ambao walikuwa wanangoja kwa hamu. Kwa hiyo ilikuwa ni hesabu tupu: mbuzi hamsini wanataka mita mia mbili za mraba, na sisi tuna waya wa mita thelathini na sita.

Niliketi na daftari langu kando ya cherehani. Nikaita upande unaotoka ukutani x, wa pili pia x, basi ule wa mbele unabaki thelathini na sita toa x mbili. Nikajaribu x ikiwa tano, nafasi ikawa mia moja na thelathini. Nane, mia moja na sitini. Kumi, mia moja na sitini tena (hapo nywele zilinisimama, maana nilijua kilele kimejificha katikati). Nikafanya kalkulasi yenyewe, nikaweka sawa na sufuri kama Mwalimu alivyotufundisha, x ikatoka tisa. Tisa kwa kumi na nane. Mita mia moja sitini na mbili, na juu ya hapo hakuna kitu. Nafasi ya mbuzi arobaini, na chenji kidogo.

Nilisikitika kwa ajili ya wale kumi, nisiseme uongo. Lakini furaha ya kupata jibu ilikuwa kubwa kuliko masikitiko, na hiyo ni dhambi yangu ya kwanza.

Kwenye mkutano wa kikundi nikawaeleza. Mwenyekiti wetu, Mama Saadia, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hiyo kumi ni lazima iende?"

"Ni lazima, Mama. Si mimi nimesema, ni hesabu."

Aliyekuwa hakubali ni Kabale, ambaye tunamwita Mama Guyo, muuza maziwa ya ngamia, rafiki yangu tangu watoto wetu wakiwa wachanga, mwanamke ambaye hata ukimsalimia anakuuliza kwa nini. Alikuwa ameinamia mchoro wangu kwenye mchanga.

"Mama Ekai, hii kona ni ya nini?"

"Ni kona ya boma."

"Najua ni ya boma. Mimi nauliza mbuzi itafanya nini na kona."

Wengine wakacheka, na mimi nikacheka nao, tena kicheko kile cha mtu aliyesoma. Nikamwambia, "Mama Guyo, haya ni mambo ya kalkulasi, si ya maoni." Akanyamaza. Nilipaswa kuogopa, maana Kabale hanyamazi. Badala yake nikachukua simu, nikampigia afisa wa mifugo (sisi humwita daktari ingawa yeye mwenyewe hukataa), nikamwambia aandike arobaini, wale kumi awapangie safari ya Rapsu moja kwa moja. Nilikuwa najiona nimemrahisishia kazi.

Basi tukachimba mashimo. Mwenye kuijua ardhi ya nyuma ya ile stoo anajua ni mawe matupu. Akina mama walitoka malengelenge, lakini nilizunguka na futi yangu ya kushonea nikihakikisha kila kona imenyooka, tisa, kumi na nane, tisa, na boma likasimama zuri kama sanduku jipya.

Alhamisi asubuhi lori likafika. Watu walikuwa wamejaa, majirani, mzee wa mtaa, na watoto wa shule ya msingi waliokuwa mapumzikoni wakajipanga kwenye ua wao kutazama. Mbuzi arobaini wakashushwa wakaingizwa bomani. Kumi wakabaki juu ya lori wakilia, na dereva hakuzima hata injini, maana safari ya Rapsu ni ndefu na alitaka kuwahi. Daktari, kijana mmoja wa Kimeru mwenye adabu na fomu nyingi, akapima boma, akapata namba zile zile zangu, akashangaa.

"Nani alifanya hii hesabu?"

Akina mama wakanisukuma mbele. Na mimi, badala ya kusema asante nikarudi nyuma, nikatoa chaki kwenye mkoba (nilikuwa nimeibeba, msiniulize kwa nini) nikaandika kwenye ukuta wa stoo swali zima kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilieleza x. Nilieleza kilele. Nilimwona mzee wa mtaa akiitikia kwa kichwa kwa heshima, jambo ambalo hajawahi kunifanyia. Utamu ukanipanda, nikageukia umati nikasema maneno ambayo hadi leo watoto wa mtaa wananiigiza nikipita: "Kwa waya huu na ukuta huu, hakuna umbo lolote, na hakuna mtu yeyote, hata mje na mhandisi kutoka Nairobi, atakayepata zaidi ya mita mia moja sitini na mbili."

Makofi. Hayo ndiyo makofi niliyowaambia.

Yalipoisha nikasikia mtu anavuta kitu. Kabale alikuwa ameshika nguzo ya kona, anaing'oa.

"Mama Guyo, unaharibu," nikamwambia.

"Angalia hiyo kona," akasema bila kuniangalia. Mbuzi kama kumi na tano walikuwa wamejibana kwenye kona ile, wanapandana mgongoni kwa woga wa watu, na katikati ya boma kulikuwa kutupu. "Mimi nimejenga boma tangu nikiwa msichana. Mama yangu alijenga, nyanya yangu alijenga. Hakuna hata moja ilikuwa na kona. Wewe nyumba ya mama yako ilikuwa na kona?"

Watu wakanigeukia. Nyumba ya mama yangu, Mturkana wa watu, ilikuwa duara. Boma letu lilikuwa duara. Mimi mwenyewe nimeshika kamba nikiwa na miaka minane mama akizungushia mahali pa kuchimba. Lakini nilikuwa nimeshasema hakuna umbo lolote, na mdomo ukishatoka na neno kama hilo mbele ya mzee wa mtaa haurudi kwa urahisi. Nikasema, "Hiyo ni mila. Hii ni hesabu. Daktari, mwambie aache."

Daktari akatazama fomu zake, akatazama kona, akasema, "Hebu tumuache, Mama. Mimi nataka kuona."

Kabale akapigilia msumari chini ya ukuta, katikati kabisa, akafunga kamba. Akaivuta, akazunguka nayo kutoka ukutani hadi ukutani, na kila alipopita alimwita mama mmoja asimame hapo, ashike waya uliofunguliwa nguzoni, awe nguzo yeye. Mara ya kwanza kamba ikawa ndefu, waya haukufika ukutani. Akaifupisha kidogo, akarudia. Wakabaki na nafasi moja isiyo na mtu na Mama Saadia akaniita mimi niishike. Nikaushika waya kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika nepi chafu, kwa sababu sikutaka ionekane kwamba ninashiriki, na ndiyo sababu mbuzi watatu walipokuja kasi waya ulinitoka mkononi, mmoja akapita chini ya sketi yangu, na mimi nikaketi chini mbele ya daktari miguu ikiwa imenyooka. Watoto wa shule waliruka ua wakawarudisha mbuzi wale wakishangilia, mmoja akauliza kwa sauti kama huyo ndiye mwalimu wa hesabu. Nikainuka nikajipangusa. Safari hii nilishika kwa mikono miwili.

Hapo nikatazama ndani. Mbuzi walikuwa wametawanyika. Hakuna pa kujibania, kwa hiyo walitembea tu, wakifuata waya kwa mviringo. Boma lilikuwa limepanuka, au lilionekana limepanuka, na nikasema kwa sauti, "Macho hudanganya."

"Ndiyo," daktari akasema. "Mimi siwezi kuandika macho kwa fomu. Nataka namba. Na kitu haina kona, mimi nimesahau vile inapimwa." Dereva akapiga honi. Daktari akaangalia saa. "Kama hakuna namba, hizi kumi ziende."

Watu wote pale, akina mama wakiwa wameshika waya hawawezi kuachia, wakanitazama mimi.

Tukapima kamba kwa futi ya daktari: mita kumi na moja na sentimita arobaini na sita. Nikarudi ukutani, chini ya kalkulasi yangu nzuri, nikaanza. Nawaambia ukweli, niliomba. Nilimwomba Mungu itoke chini ya mia moja sitini na mbili. Nusu ya duara. Kamba mara kamba, mia moja thelathini na moja na kitu. Mara ishirini na mbili, gawa kwa saba, kisha nusu yake. Niliona inakoelekea. Nikafuta kwa kiganja, nikaanza upya, nikafika pale pale.

Mia mbili na sita.

Sasa jambo ambalo sijawahi kulisema. Nilikuwa nimeupa umati mgongo. Namba ilikuwa kichwani, haijafika ukutani. Daktari alikuwa amekiri hajui. Mwalimu Abdi hakuwepo. Hakuna mtu hata mmoja pale ambaye angeweza kunikagua, na nikaona wazi kabisa kwamba nikiandika mia moja hamsini na sita, hesabu yangu inabaki, heshima ya mzee wa mtaa inabaki, boma linarudishiwa kona zake, na kinachoondoka ni mbuzi kumi tu, ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeshawaaga. Nilisimama hapo. Nilisikia injini ya lori. Nilisikia Mama Saadia akisema waya unamkata vidole, lakini hakuuachia.

Nikaandika mia mbili na sita. Nikaandika kubwa, kwa sababu nilijua nikiandika ndogo nitaifuta. Kisha nikageuka nikasema, "Inatosha hamsini. Nafasi inabaki."

Halafu Kabale akasema kwa utulivu, "Mhandisi asikuje basi," na hapo wakaanza kucheka, wakacheka mpaka waya ukawa unatikisika wote kutoka ukutani hadi ukutani. Mzee wa mtaa alifunika uso kwa kofia. Dereva akazima injini. Daktari akapiga mstari juu ya arobaini, akaandika hamsini, akapiga simu Rapsu kuomba radhi (na hilo pia liko shingoni mwangu, maana nao walikuwa wamejiandaa kwa neno langu). Mbuzi kumi wakashushwa mmoja mmoja, na mtaa mzima ukawahesabu kwa sauti, kwa makusudi, huku wakiniangalia. Kesho yake tulichimba mashimo upya. Mimi nilichimba sita.

Jumamosi nilimfuata Mwalimu Abdi kabla ya darasa, nimefura. Nikamuuliza kalkulasi imenidanganya kwa nini. Akachukua kitabu, akanisomea swali polepole, na neno mstatili lilikuwa pale kwenye mstari wa kwanza. "Kalkulasi haijakosea, Mama Ekai," akasema. "Uliituma ikatafute mstatili bora kuliko yote, ikaenda ikakuletea. Hukuwahi kuituma kwingine."

Nimelifikiria hilo sana nikiwa kwenye cherehani. Ninachotaka kujua si kwa nini nilikosea namba, sikukosea namba. Nataka kujua ilikuwaje mimi, niliyezaliwa ndani ya duara, nikashika kalamu na kitu cha kwanza nilichochora kikawa na kona nne, na hata nilipoulizwa kona ni za nini sikuona kwamba hilo ni swali. Mwalimu anasema ni swali zuri. Hajanipa jibu.

Wiki iliyofuata Kabale alikuja kibandani kwangu, akaweka mtungi wa maziwa chini, akasema nimwonyeshe vile ile mia mbili na sita ilitoka. Nikadhani amekuja kunicheka tena. Nikamwonyesha kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo, mara tatu, na kila mara aliuliza kwa nini.

"Mimi nilijua ni kubwa," akasema. "Sikujua ni kubwa namna gani." Akaikunja ile karatasi. "Siku ile ulikaa sana hapo kwa ukuta. Kama ungeandika ndogo, nani angejua?"

Ningeweza kusema nilikuwa nahakiki kuzidisha. "Hakuna," nikamwambia.

Akanitazama muda mrefu, bila hasira. "Ndiyo maana nataka kujua," akasema, na akaniuliza darasa linaanza saa ngapi.

Sasa tuko wanane. Nimeapa, na ninyi ni mashahidi, kwamba sitatamka tena maneno "hakuna umbo lolote" mbele ya mtu aliyewahi kujenga boma, na kwamba kabla sijamwita mtu yeyote x nitauliza kwanza nani kasema iwe na kona. Kabale anakaa dawati la mbele yangu, magoti juu, na nikimaliza hesabu yoyote anageuka, ananyoosha mkono, na mimi nampa daftari alikague.